Shamba Lililolala: maoni yangu juu ya silabusi mpya ya Kiingereza



Wiki iliyopita rasimu ya silabusi mpya ya Kiingereza kwa wanafunzi wa mwaka wa pili iliwekwa hapa, tukaombwa sisi tuliomaliza tutoe maoni. Wengi waliandika "courage" na "bonne continuation", wakapita. Mimi nimeisoma yote kwa siku mbili, kalamu mkononi, sehemu ya mwisho kwa mshumaa kwa sababu umeme ulikatika (mnatujua: dunia nzima inapitisha umeme katika shaba yetu, sisi tunanunua mishumaa). Si mwalimu wa Kiingereza. Nina lisansi ya agronomia, ninaujua muhogo kuliko sarufi. Lakini Kiingereza changu kibovu kimeshamgharimu mama mmoja mashamba mawili, njo maana nitaandika kirefu.

Nianze na mazuri, maana asistanti walioiandika wamejitahidi na sitaki waseme nimekuja kubomoa. Silabusi yetu ya zamani mnaikumbuka. Familia moja ya Uingereza, baba anasoma gazeti, mama anakaanga mayai, nje theluji inaanguka. Nilijua majina ya Kiingereza ya nguo zote za baridi kabla ya kujua muhogo unaitwaje. Si ugonjwa wetu peke yetu. Kitabu cha Alphonse Chérel cha 1929, kilichoanzisha Assimil, Wafaransa wanakitania hadi leo kwa sababu ya fundi cherehani wake tajiri, mtu ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhitaji kumzungumzia. Silabusi mpya imeondoa theluji. Ina somo la usalama mgodini, somo la kuandika barua ya kuomba kazi, na mazungumzo ya mpakani Kasumbalesa ambayo yananuka vumbi la kweli. Hapo ninapiga makofi.

Na imeongeza sura mbili za utamaduni, ambazo utangulizi unazisifu kama jambo jipya kabisa. Sura ya kwanza ni ya "wenye lugha": chai ya saa kumi, Halloween, sikukuu ya bata mzinga ya Wamarekani. Ya pili ni "utamaduni wetu": vinyago, ngoma, picha ya kibanda cha nyasi, na methali kumi zilizotafsiriwa kwa Kiingereza ambazo sasa hata mwenye methali hazitambui.

Vinyago vya Wachokwe ni kitu kikubwa, sivichezei. Lakini mimi nimezaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Babu yangu alikuwa Gécamines, na sauti ya utoto wangu ilikuwa king'ora cha kubadilisha zamu. Hakuna Mzambia, Mkanada wala Mhindi aliyewahi kuniuliza kazini habari za kinyago. Wameniuliza hivi: huyu mama analima nini hapa? Kwa nini watu watatu wa timu wamekwenda kilioni siku moja? Huyu chifu ana haki gani juu ya mto ambao serikali inasema ni wake? Huo ndio utamaduni unaoulizwa Kolwezi kila siku ya kazi, na silabusi haina hata ukurasa mmoja juu yake.

Kuna kosa lingine ambalo sikuliona mara ya kwanza. Nilirudi kwenye mazungumzo yote ya silabusi na kuweka alama pembeni: nani anauliza, nani anaeleza. Karibu kila mahali Mkongomani ndiye anayeomba. Anaomba kazi, anaomba kuelekezwa njia, anaomba ruhusa, anaomba msamaha kwa kuchelewa. Mgeni anaeleza. Sikupata hata mahali pamoja ambapo Mkongomani anaeleza kitu ambacho mgeni hakijui, mgeni anaelewa vibaya, na Mkongomani anamrudisha kwenye njia. Mtafundisha vipi kijana kusema "hapana, bwana, sivyo nilivyosema", ikiwa kitabu kizima hakijampa nafasi ya kuisema?

Sasa habari ya yule mama.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Kampuni moja, sitaitaja, ilitaka kupitisha barabara kwenye mashamba ya watu, upande wa kutoka mjini. Walichukua vijana wa kilimo kwa kazi ya muda: kuhesabu mimea, kupima mashamba, kujaza fomu ya fidia. Mkubwa wa timu yetu alikuwa Mzambia, mtu mpole, mzee kwangu kwa miaka ishirini hivi. Kifaransa hakujua. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilichaguliwa kutafsiri kwa sababu nilipata 14 juu ya 20 katika Kiingereza. Kumi na nne ya theluji na mayai ya kukaanga.

Mama alikuwa na mashamba matatu. Moja lina mihogo. Mawili yana majani marefu na vichaka. Mkubwa akauliza kwa Kiingereza, haya mawili ni nini? Nikamuuliza mama. Akasema:

— Mwanangu, ile shamba iko nalala. Haikufa. Udongo nao unachokaka, kama muntu.

Mwanafunzi wa agronomia yeyote anajua jambo hili, tumelisoma kwa Kifaransa: jachère. Udongo wetu wa msitu wa miombo ni mwekundu, mchachu, hauna chakula kingi. Mtu asiye na pesa ya gunia la mbolea, mbolea yake ni miaka. Analima msimu miwili mitatu, anaacha vichaka virudi, anahamia kipande cha pembeni, kisha anarudi. Kile kichaka kinachoonekana hakina mwenyewe ndicho akiba yake. Niliijua hesabu hiyo vizuri, hata mtihani niliupita. Lakini kwa Kiingereza neno sikuwa nalo. Nikatafuta kichwani, nikasema kwamba ni shamba ambalo mama aliliacha.

Mkubwa akaandika "abandoned". Maana yake: lililotelekezwa.

Neno nililolihitaji ni "fallow". Herufi sita. Shamba lililolala lina mwenyewe na lina thamani. Shamba lililotelekezwa ni pori. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka watu wanaotumia ardhi walipwe fidia wanapoondolewa. Kiwango cha 5 cha IFC cha 2012, ambacho makampuni mengi yanayokopa nje hujifunga nacho, kinatambua hata mwenye haki ya kimila asiye na karatasi. Sheria zilikuwepo. Kati ya sheria na yule mama nilikuwepo mimi, na neno langu moja.

Subirini, haikuishia hapo. Akauliza tena, kuhakikisha. Hakulima hapa mwaka huu? Alivyouliza ilikuwa swali la kukana, kama Waingereza wanavyopenda: "Didn't she plant here?" Nikamfasiria mama: hukupanda hapa? Mama akajibu kama sisi wote tunavyojibu: "Ndiyo." Yaani ndiyo, ulivyosema ni kweli, sikupanda. Kwa Kiingereza, "yes" baada ya swali kama hilo maana yake amepanda. Mzambia akashangaa, akatazama kichaka, akatazama mama, akafikiri anadanganya ili alipwe. Nilimwona usoni. Alikuwa ameanza kuwa na huruma, ikaondoka. Siku hiyo sikuelewa kilichotokea. Nilielewa baada ya miaka miwili, nikiwa nimekaa mbele ya karani wa mahojiano aliyeniuliza kama sina uzoefu, nikasema "yes", akafurahi, kisha tukapotezana wote wawili.

Jambo hilo Kibemba, Kisanga, Kiswahili vinalifanya vilevile. "Ndiyo" yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Linafundishika kwa dakika ishirini. Mwalimu anauliza maswali kumi ya kukana, darasa linajibu, tunacheka, tumemaliza. Katika silabusi mpya, kurasa mbili nzima ni za boga la Halloween.

Mwishoni fomu ilisomwa mbele ya watu wote, chini ya mwembe. Mkubwa akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Wamama wakanyamaza, wazee wakasema "ehe". Ikaandikwa kwamba hakuna pingamizi. Kwetu "ehe" ya mzee ni "nimesikia". Kunyamaza mbele ya mgeni mwenye kalamu ni adabu, na mara nyingi ni "tutaongea kati yetu kwanza". Mimi nilijua. Na mimi pia nilinyamaza, kwa sababu ileile: kwetu mtoto hamrekebishi mkubwa mbele ya watu. Kumbe kwenye mikutano ya namna hiyo, asiyesema amekubali. Tamaduni mbili zilikuwa zimekaa chini ya mwembe mmoja, na mtu pekee aliyezijua zote mbili kidogo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama alilipwa shamba la mihogo. Nilimwandikia barua ya malalamiko kwa Kifaransa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mpaka barabara inakwisha, jibu halikuja. Alihamia kwa binti yake.

Kitu kinachoniuma zaidi nilikijua siku ya mwisho ya kazi. Nilikuwa nimetafuta lile neno kwenye kamusi, nikamwambia mkubwa: yale mashamba yalikuwa "fallow". Akasimama. Akaniambia bibi yake kule kaskazini mwa Zambia alikuwa analima hivyohivyo, anakata matawi, anachoma, anapanda kwenye majivu, kisha anaacha ardhi ipumzike miaka mingi. Wenyewe wanaita chitemene. "Kwa nini hukuniambia?" Aliuliza bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. Fomu zilikuwa zimeshaondoka.

Kwa hiyo mgeni wetu hakuwa mtu wa dunia nyingine. Labda angeongea na mama kwa Kibemba wangesikilizana vizuri kuliko kupitia kwangu. Silabusi inafikiri Kiingereza ni cha London na New York. Kiingereza chetu kinaingia kwa Kasumbalesa, kwenye malori na kwenye timu za kazi, midomoni mwa Wazambia, Wazimbabwe, Waafrika Kusini, na Wachina ambao nao wamejifunza ukubwani. Tena si kigeni hapa: reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ilitokea kusini, Rhodesia, na Kiingereza kilikuwa ndani yake pamoja na makaa ya mawe.

Kuna mtaalamu, Michael Byram, ambaye kitabu chake cha 1997 juu ya ustadi wa kuwasiliana kati ya tamaduni kinatajwa na kila anayeandika habari hizi. Utangulizi wa silabusi nao unamtaja. Ninashuku hawakumsoma mpaka katikati. Byram hasemi tujaze darasa sikukuu za Waingereza. Anataka mwanafunzi aweze kusoma jambo la mwenzake na jambo la kwake, ayaweke pamoja, aone mahali yatakapogongana, na asimame katikati bila kujifanya Mwingereza. Hiyo ndiyo kazi niliyoshindwa chini ya mwembe. Ila na Byram ninamdai kidogo. Aliandika akiwa Durham, mawazo yake yamekaa na vijana wa Ulaya wanaotembeleana, Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja na pasipoti yake. Huku mmoja ana fomu na mwingine ana shamba. Kumwambia mwenye shamba awe na udadisi na moyo wazi haitoshi. Inabidi afundishwe pia kukatiza maneno kwa heshima, kuomba sentensi isomwe tena, kukataa neno lililoandikwa na kudai lingine.

Mtaniuliza: tusome nini basi, vitabu viko wapi? Viko, na vingine vinatuhusu kuliko tunavyojua. Audrey Richards aliandika kwa Kiingereza mwaka 1939 kitabu kizima juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba. Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan wakarudi kwenye mashamba yaleyale na kubishana naye. Kurasa chache za kila upande zinatosha kwa darasa la agronomia: msamiati wa kilimo upo, chitemene ipo, na mwanafunzi anaona kwamba hata kitabu cha Kiingereza kinaweza kujibiwa na kitabu kingine cha Kiingereza.

Au mchukueni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu wa Katanga. Miaka ya 1970 alikaa Lubumbashi na Johannes Fabian, akamwelezea historia ya nchi picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha barabarani. Mwaka 1996 mazungumzo hayo yalitoka kwa Kiingereza, Marekani. Hapo Mkongomani anaeleza kurasa kwa kurasa na profesa wa Ulaya ndiye anayeuliza. Nipeni mazungumzo hayo badala ya yale ya kuomba msamaha kwa kuchelewa.

Na kuna "Cobalt Red" ya Siddharth Kara, ya 2023. Mamilioni ya watu wanaosema Kiingereza, kama wana picha yoyote ya Kolwezi vichwani mwao, wengi wameipata huko au kwa watu walioisoma. Ni sisi humo: mashimo, watoto, Kasulo ambako watu walichimba mpaka ndani ya nyumba. Mambo mengi ni kweli na yanatisha. Lakini watafiti kadhaa wamekipinga kitabu, wakisema kinatuonyesha kama watu wa kuteswa tu, bila akili wala hesabu zetu. Mimi nina maoni yangu, hayafai hapa. Ninachosema: mwanafunzi wa Kolwezi anapaswa kuweza kufungua kitabu hicho, kusoma sura ya mtaa wake, na kuandika kwa Kiingereza ukurasa mmoja: hapa ni kweli, hapa umezidisha, hapa hukumuuliza mama yangu. Sasa hivi hatuwezi. Tunaweza kuomba kazi kwa barua nzuri.

Najua majibu ya asistanti, nimeyasikia tayari kwenye simu. Wanafunzi mia mbili ukumbini, saa moja na nusu kwa wiki, hakuna mashine ya kunakili. Na wanafunzi wenyewe wanataka Kiingereza cha mahojiano, hawataki hadithi za mashamba. Hoja ya pili ninaiheshimu zaidi kuliko ya kwanza. Tumesoma kwa pesa za wazazi, kazi ndiyo tunayoitafuta. Lakini angalieni kazi zenyewe. Rafiki yangu mmoja aliajiriwa kwenye ofisi ya watumishi, akakuta jalada la dereva ambaye "baba" yake alikufa mara mbili kwa miaka mitatu. Pembeni mkubwa wa kigeni aliandika: mwongo. Baba wa pili alikuwa baba mkubwa, ndiye aliyemlea. Hakuna aliyekuwa amesema sentensi tatu za Kiingereza kueleza jinsi sisi tunavyohesabu baba. Dereva alishaondoka. Huyo rafiki yangu, aliyezisema hizo sentensi tatu kwa kesi iliyofuata, ndiye aliyepandishwa cheo. Kwa hiyo hata kwa mwenye kutaka cheo tu, hesabu inatoka.

Kuhusu wingi wa watu: zoezi ninalopendekeza halihitaji mashine. Tumelijaribu Jumamosi kwenye klabu yetu ndogo, watu kumi na kitu, viti vya kuazima. Kila mmoja anakwenda kwa mzee wa kwao, anamuuliza jambo moja kwa Kiswahili, Kisanga, Uruund, lugha yoyote, anaandika alichoambiwa. Halafu wawili wawili. Mmoja anaeleza kwa Kiingereza. Mwenzake ni mgeni mwenye fomu, na kazi yake ni kuelewa vibaya: anauliza maswali ya kukana, anaandika neno lililo karibu na la kweli lakini si lenyewe. Mwelezaji lazima amkamate. Kisha wanabadilishana, maana kuwa mgeni mwenye fomu nako kunafundisha. Wengi wetu ndio tutakaopewa fomu.

Haikwenda vizuri yote. Wiki ya kwanza leki mmoja alieleza kilio, akakwama kwenye neno, akarudi Kifaransa, akaona haya, hakurudi wiki ya pili. Mwingine alinakili maelezo yote kwenye simu, akasoma kama habari ya redio. Lakini kulikuwa na msichana wa jiolojia aliyeeleza kwa nini mama yake hauzi mihogo yote msimu mmoja. "Mgeni" wake akaandika kwamba mama anaficha mavuno. Akasimama kabisa kwenye kiti, akasema kwa Kiingereza kilichovunjika pande zote: andika upya, sikusema anaficha, nimesema anaweka akiba ndani ya udongo. Akakaa pale mpaka mwenzake akafuta. Sarufi ningempa 9 juu ya 20.

Kwa hiyo maombi yangu kwa kamati. Sura ya Halloween itolewe, au ibaki ukurasa mmoja wa kujifurahisha. Sura ya vinyago iende kwa walimu wa historia ya sanaa wanaoijua. Nafasi ichukuliwe na mazungumzo sita ambamo Mkongomani anaeleza na kurekebisha, somo la "ndiyo" na "yes", na kwa watu wa kilimo orodha ya maneno ya shamba lenyewe, "fallow" likiwa juu. Mazungumzo mawili nimeshayaandika, nitayaweka hapa chini Jumapili. Asistanti wasahihishe Kiingereza, kuna makosa.

Na kama kati yenu kuna aliyewahi kufasiri kwenye mikutano ya fidia, Fungurume, Kambove, popote, aniandikie neno lililomkwamisha. Ninayakusanya. Mpaka sasa ninayo kumi na moja.